MFICHA UCHI HAZAI: DHIKI YA KAZI NA MWILI WA MAMA MFANYAKAZI

NENO LA MHARIRI



Katika mkutano wa tawi letu moja mapema mwaka huu, jambo la mwisho katika ajenda lilikuwa "Mengineyo". Watu walikuwa wamekwisha kushika mikoba yao, maana magari ya jioni hayangoji mtu. Ndipo mama mmoja, mshonaji wa miaka mingi, aliposimama nyuma akasema ana neno. Alisema kwamba tangu kiwanda kilipoanzisha zamu za kugeuka kila juma, hedhi yake imevurugika. Mwezi mmoja haiji kabisa, mwezi wa pili inakuja mara mbili. Ikija kwa nguvu, humbidi aombe ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara, na kwa sababu hiyo amepewa barua ya onyo kwamba anapoteza wakati wa kazi. Alitaka kujua chama kitamsaidiaje juu ya barua ile.

Vijana wawili watatu walicheka. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema wala hatumlaumu peke yake, alimjibu: "Mama, hayo ni mambo ya daktari. Hapa twazungumza mambo ya kazi." Mkutano ukafungwa. Lakini nje, karibu na lango, wanawake saba walimzunguka yule mama, na kila mmoja alikuwa na habari yake inayofanana na ile.

Twaandika maneno haya kwa sababu jibu lile lilikuwa kosa, na kosa lile ni letu sote. Tumeuliza wauguzi na madaktari, tumesoma yaliyoandikwa na wataalamu, na twaona kwamba mama yule huenda alikuwa akisema jambo la kazi sawasawa na mtu anayeonyesha kidole kilichokatwa na mashine. Tofauti yao ni kwamba kidole huonekana.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Basi tusione haya. Tuliseme jambo hili kama watu wazima.

DHIKI NI KITU GANI

Tunaposema "dhiki" hapa hatusemi huzuni tu, wala "mawazo" ambayo mtu huambiwa ayaache. Twasema juu ya mwili unaosukumwa kupita kiasi chake: kwa haraka isiyokwisha, kwa usingizi uliokatwa, kwa njaa, kwa makelele, kwa matusi ya msimamizi, kwa hofu ya kufukuzwa. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja aitwaye Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi mjini Montreal huko Kanada, aliandika katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature juu ya panya aliowatia katika mashaka ya namna mbalimbali. Wengine waliwekwa kwenye baridi, wengine walichoshwa kwa kazi ya misuli, wengine walipewa sumu kidogo. Mashaka yalikuwa mbalimbali, lakini dalili zilizoonekana mwilini zilikuwa zile zile, na mojawapo ilikuwa kuvimba kwa tezi zinazokaa juu ya mafigo. Tangu siku hizo elimu hiyo imesonga mbele sana, na leo njia ambayo dhiki hupita mwilini yajulikana vizuri.

Yafanyika hivi. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake ndogo ya chini iitwayo haipothalamasi hutoa amri. Amri hupokewa na tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere, nayo huipeleka kwa damu mpaka kwenye zile tezi mbili za juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga kortisoli. Hiyo ni homoni, yaani ujumbe ambao sehemu moja ya mwili huupelekea sehemu nyingine kwa njia ya damu. Pamoja nayo hutoka adrenalini, ambayo kila mfanyakazi anaijua hata kama hajapata kusikia jina lake. Ndiyo inayoupiga moyo mbio unapoitwa ghafla ofisini kwa meneja.

Haya yote ni mema kwa muda mfupi. Mtu akikutana na nyati njiani, sukari huongezeka katika damu yake, misuli hupata nguvu, naye hukimbia akaokoka. Nyati akienda zake, kortisoli hushuka na mwili hurudi katika hali yake. Lakini nyati wa kiwandani haendi zake. Yuko langoni alfajiri unapochelewa dakika tano. Yuko saa nne nguo zinapohesabiwa, idadi yako ikaonekana imepungua. Yuko nyumbani usiku, ndoo za maji zikiwa tupu na mtoto akikohoa. Na mwisho wa mwezi, mwenye nyumba anapogonga mlango, huyo nyati bado yuko.

JINSI HEDHI INAVYOVURUGIKA

Sasa fikirini kwamba ofisi ile ile ya ubongo inayotoa amri za hatari ndiyo pia inayotoa amri za uzazi. Kila baada ya saa moja au mbili haipothalamasi hupeleka ujumbe mfupi kwa pituitari, kama mtu anayepiga kengele kwa kipimo. Pituitari nayo hupeleka homoni mbili kwa ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai. Yai moja huanza kukomaa, na ovari hutoa homoni ya estrojeni, inayojenga ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Yai likiisha kutoka, hufuata homoni ya pili, projesteroni, inayoutuliza ukuta ule na kuuweka tayari kwa mimba. Mimba isipoingia, homoni hizo mbili hushuka, ukuta hubanduka, na hedhi huja. Huo ndio mwendo wa kila mwezi, na wategemea kengele ile ya kwanza ipigwe sawasawa.

Dhiki ikikaa muda mrefu, amri za hatari huzipunguza nguvu amri za uzazi. Kengele hupigwa mara chache, au kwa ulegevu. Hapo yaweza kutokea mambo mbalimbali. Yai laweza kuchelewa kukomaa, na hedhi ikachelewa. Pengine yai halitoki kabisa. Basi projesteroni hukosekana, ukuta huendelea kujengeka bila kutulizwa, na siku unapobomoka damu huja nyingi na bila mpango. Na dhiki ikiwa kubwa, hasa ikichanganyika na chakula kidogo na kazi nzito, hedhi yaweza kukoma kwa miezi mingi.

Kwa nini mwili ufanye hivyo? Wataalamu huona kwamba ni namna ya kujilinda. Mkulima mwenye akili hatupi mbegu yake ardhini wakati wa kiangazi. Huiweka ghalani akangoja mvua. Vivyo hivyo mwili ukiona kwamba nguvu zote zatumika kwa kuokoka leo, huahirisha habari ya kubeba mtoto. Mwanamke wa namna hii si mgonjwa wa akili, hakurogwa, wala hajalaaniwa na mtu. Mwili wake wasema kweli juu ya maisha anayoishi.

Jambo hili lilionekana wazi katika Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Madaktari waliofungwa pamoja na raia katika makambi waliandika kwamba wanawake wengi walikosa hedhi, na wengine ilikoma katika miezi ya kwanza tu, kabla njaa haijawakondesha. Hofu na kutengwa na watu wao vilitosha kuwaanzia. Hatusemi kwamba kiwanda ni kambi ya vita. Twasema kwamba mwili wa mwanamke hujibu hivyo kila mahali.

Tena wanawake hawafanani. Wawili waweza kukaa kwenye mashine za jirani, chini ya msimamizi mmoja, mmoja mwendo wake ukaharibika na wa pili asione neno. Huyo wa pili asimwite mwenzake mwongo. Huenda ana mtu wa kumpikia jioni, au analala karibu na kazi, au ana deni dogo zaidi. Dhiki hujumlishwa kama hesabu ya duka.

USIKU NA MCHANA

Katika barua zilizokuja kwa mhariri, malalamiko yaliyo mengi kuliko yote ni ya zamu ya usiku. Basi tulieleze kidogo.

Mwili una saa yake ndani. Kortisoli hupanda kuelekea alfajiri ili kumwamsha mtu, hushuka mchana, na karibu na usiku wa manane huwa chini kabisa. Giza likiingia, homoni nyingine iitwayo melatonini hutoka na kuleta usingizi. Anayefanya kazi usiku chini ya taa kali huizuia melatonini, na anayelala mchana katika chumba cha mabati, watoto wakicheza mlangoni, hapati usingizi wa kutosha. Zamu ikigeuka kila juma, saa ile ya ndani haipati nafasi ya kujirekebisha. Inapoanza kuzoea usiku, yarudishwa mchana.

Huko Marekani kuna uchunguzi mkubwa unaowafuata wauguzi kwa miaka mingi. Mwaka 2011 yalitolewa majibu ya wauguzi zaidi ya 70,000: kadiri muuguzi alivyofanya miezi mingi zaidi ya zamu za kugeuka, ndivyo alivyozidi kuwa na hedhi isiyo na mpango. Na huko Denmaki, mwaka 2019, wachunguzi walitazama hesabu za wanawake wajawazito zaidi ya 22,000, wengi wao wafanyakazi wa hospitali. Waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku katika juma moja walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya mimba kutoka katika juma lililofuata, hasa baada ya juma la nane la mimba. Hesabu hizi hazimwambii mama mmoja kwamba mimba yake ilitoka kwa sababu ya zamu. Hakuna daktari awezaye kusema hivyo kwa hakika. Lakini zatutosha sisi wa chama kusema kwamba mjamzito asipangiwe usiku, na kwamba ombi lake lisichukuliwe kuwa uvivu.

MAZIWA YA MTOTO

Kuna akina mama wanaorudi kazini baada ya likizo ya uzazi, na baada ya majuma machache husema maziwa yamekauka. Mara nyingi maziwa hayajakauka; yamefungwa mlango. Maziwa hushuka kwa amri ya homoni iitwayo oksitosini, ambayo hutoka mtoto anyonyapo, au hata mama anapomsikia akilia. Hofu, maumivu na haraka huizuia.

Mwaka 1948 huko Marekani daktari Michael Newton na mkewe Niles Newton walijaribu jambo hili kwa mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha. Siku nyingine aliachwa anyonyeshe kwa utulivu. Siku nyingine alisumbuliwa: miguu yake ilitiwa katika maji ya barafu, au akaulizwa hesabu za haraka haraka. Siku za kusumbuliwa mtoto alipata maziwa machache zaidi. Lakini mama alipopigwa sindano ya oksitosini huku akisumbuliwa, maziwa yalishuka karibu kama siku za utulivu. Maana yake maziwa yalikuwamo wakati wote.

Sasa mfikirieni mama anayejikamua maziwa chooni amesimama, mlango ukigongwa na mwenzake anayengoja, naye akihesabu dakika kabla msimamizi hajaandika jina lake. Huyo yuko katika maji ya barafu kila siku. Na maziwa yasipotolewa, mwili huona hayahitajiwi, na baadaye hupunguza kweli kweli kuyatengeneza. Kisha mshahara huenda kwenye maziwa ya kopo.

SI KILA KITU NI DHIKI

Hapa twataka kusema kwa uangalifu, maana neno jema likitumiwa vibaya huua. Hedhi ikikosekana, jambo la kwanza ni kupima mimba. Sindano ya kupanga uzazi nayo huweza kuisimamisha hedhi au kuivuruga, na hiyo hutokana na dawa. Damu nyingi yaweza kuletwa na uvimbe katika mfuko wa uzazi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au pungufu, mwendo wa mwezi huharibika. Kuna na ugonjwa wa ovari ambao huleta hedhi za mbali mbali pamoja na chunusi na nywele za kidevuni. Na mama aliyefika miaka arobaini na kitu huenda ameanza safari ya kukoma hedhi, ambayo huleta joto la ghafla na usingizi wa kukatika. Huyo akifanya kazi mahali pasipo hewa huteseka maradufu.

Kwa hiyo, mama yeyote ambaye hajaona hedhi kwa miezi mitatu, au anayetokwa damu ya kulowesha sodo moja kwa saa moja, au anayeona damu baada ya hedhi kukoma kwa uzee, aende kliniki upesi. Asikubali kuambiwa "ni mawazo tu" kabla hajapimwa. Hedhi ikikosekana muda mrefu kwa sababu estrojeni ni chache, mifupa nayo hudhoofika, na damu nyingi ya kila mara hupunguza nguvu za damu mwilini mpaka mtu akawa anaona kizunguzungu mbele ya mashine.

Tena jihadharini na wauzaji wa chupa na vidonge vya "kusawazisha homoni" wanaopita langoni siku ya mshahara. Homoni hazisawazishwi kwa uji wa unga usiojulikana. Fedha hizo zinunueni maharagwe na mayai.

Lakini tuulizane: daktari akiisha kumpima mama, akaona hana uvimbe wala ugonjwa wa tezi, akamwambia, "Pumzika, kula vizuri, lala saa za kutosha, punguza wasiwasi," hiyo dawa inauzwa duka gani? Saa za kulala zimo katika orodha ya zamu. Chakula cha mchana kimo katika dakika za mapumziko. Wasiwasi umo katika mkataba wa miezi mitatu mitatu. Dawa hiyo haipatikani hospitali. Yapatikana mezani, chama kinapokaa na tajiri.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Tajiri atasema: "Mkidai haya, nitaajiri wanaume watupu." Maneno haya si mapya, yalisemwa juu ya likizo ya uzazi pia. Jibu letu ni kwamba hatuombi mwanamke awekwe kando kama yai. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano ya kuwakataza wanawake kazi za usiku viwandani. Nia ilikuwa njema, lakini wanawake wengi walifungiwa nje ya kazi. Mwaka 1990 shirika hilo hilo lilipitisha mapatano mengine juu ya kazi za usiku, Namba 171, yanayowahusu wanaume na wanawake: wapimwe afya zao, na mama kabla na baada ya kuzaa apewe njia nyingine badala ya usiku. Hiyo ndiyo njia yetu. Orodha ya zamu inayojulikana mapema, mapumziko ya kweli na choo kisichofungwa kwa ufunguo wa msimamizi vitamfaa kila mtu. Mwanamume naye ana kortisoli, naye huugua shinikizo la damu.

Ndugu zetu wengine wanaume watasema: "Mshahara kwanza, haya baadaye." Twawajibu kwa heshima. Ni kweli kwamba mshahara mdogo ni mama wa dhiki zote, na hatutaacha kuudai. Lakini kumbukeni yaliyotukia katika mazungumzo yaliyopita. Dai la orodha ya zamu kutangazwa mapema liliandikwa, likafika mezani, na saa ya mwisho likaondolewa ili tupate shilingi chache zaidi. Waliokaa mezani upande wetu wote walikuwa wanaume. Hakuna aliyekusudia ubaya. Dai lile halikuwa na mtu wa kulilia. Shilingi zile zimekwisha kumezwa na bei ya unga, na zamu bado zinabandikwa ukutani Jumamosi jioni kwa kazi ya Jumapili usiku.

Tena tujitazame nyumbani. Hesabu ya serikali yetu juu ya matumizi ya wakati, iliyofanywa mwaka 2021, ilionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia katika kazi za nyumbani na kulea watu, kazi zisizo na mshahara, karibu mara tano ya wakati wanaotumia wanaume. Mwanachama anayesimama mkutanoni kupinga unyonyaji, kisha akafika nyumbani akangoja maji ya kuoga yaletwe na mke aliyetoka kiwanda kile kile, huyo naye ni zamu ya pili. Ndoo moja ikibebwa na mume ni dawa ya homoni kuliko chupa za langoni.

SHERIA YASEMAJE

Wengi hawajui kwamba mengine katika haya ni haki tayari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya hali ya kazi inayofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Wala mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, mfanyakazi mgonjwa mwenye cheti cha daktari ana siku zisizopungua saba za mshahara kamili na saba nyingine za nusu mshahara katika mwaka. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali safi pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na pasiwe chooni. Na yampa mama huyo nafasi isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na wakati wa chakula. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi. Je, kamati ya mahali penu imepata kuandika neno "hedhi" au "zamu" katika kumbukumbu zake? Au huhesabu mitungi ya kuzimia moto tu?

TUNAYOYADAI

Mapatano ya pamoja yatafunguliwa tena hivi karibuni. Twaomba kila tawi liyajadili haya na kuyaunga mkono:

1. Orodha ya zamu ibandikwe majuma mawili kabla, na zamu zisigeuzwe kila juma.

2. Mjamzito na mama anayenyonyesha asipangiwe usiku akiomba hivyo, na mshahara wake usipunguzwe.

3. Kwenda chooni kusihitaji kadi wala kusihesabiwe katika idadi ya kazi. Vyoo viwe na maji, sabuni na mahali pa kutupa sodo.

4. Chumba cha kunyonyesha na ile saa ya sheria vitekelezwe bila kungoja mwaka mwingine.

5. Barua ya onyo isitolewe kwa jambo la afya kabla mfanyakazi hajaonana na muuguzi akiwa na mwakilishi wake wa chama.

6. Msimamizi anayetukana, au anayetaka mwili wa mwanamke ili ampe zamu nzuri, ashitakiwe kwa kamati, na aliyeshitaki alindwe. Dhiki hiyo ni mbaya kuliko zote.

Na moja latuhusu sisi wenyewe: wanawake wasiopungua wawili wakae katika kamati ya mazungumzo, wachaguliwe na wanawake wenyewe. Dai lenye mwenyewe mezani haliondolewi saa ya mwisho.

NENO LA MWISHO

Akina mama, andikeni. Kila mmoja awe na kitabu kidogo, aandike siku hedhi ilipoanza, ilipokwisha, na zamu aliyokuwa akifanya. Kitabu hicho kitamsaidia daktari. Na mkikubali kutuletea hesabu bila majina, kitakisaidia chama, maana mama mmoja akisema huambiwa ni mambo yake, lakini wanawake mia wakisema jambo moja juu ya zamu moja, tajiri hana budi kusikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi wanaume mliocheka siku ile, hatuna kinyongo nanyi. Sisi nasi tulikuwa hatujui. Sasa tumejua.

Barua ya onyo ya yule mama bado imo katika faili lake. Katibu wa tawi ameandika kutaka iondolewe, na katika mkutano ujao jambo hilo litasomwa likiwa la kwanza katika ajenda, watu wakiwa bado wamekaa.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI